Mita 30 Kutoka Katikati ya Lami

Jamani, ukitaka kujua namna Mtanzania anavyopenda kupima, usihangaike kwenda kiwandani. Kaa kando ya barabara ya TANZAM, hii T1 yetu itokayo Dar es Salaam mpaka Tunduma, kilomita 900 na ushee, uhesabu vipimo vinavyokupita mlangoni. Lori linapimwa tani. Basi linapimwa mwendo. Nyumba inapimwa kwa utepe. Nyanya zinapimwa kwa sado. Abiria anapimwa kwa dakika za kuchimba dawa. Na katika vipimo vyote hivyo hakuna hata kimoja ambacho mpimaji na mpimwaji wamewahi kuachana wakicheka.

Tuanze na nyumba, maana ndiyo inayouma. Hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Watu wakajenga mita ya 23, wakapiga lipu, wakaweka na frem ya duka mbele. Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, mita zikawa 30. Lami haikusogea hata inchi. Iliyosogea ni sheria, ikaingia ndani na kukaa sebuleni. Ukipakwa X nyekundu, maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, bomoa mwenyewe. Ukipakwa X ya kijani, barabara ndiyo iliyokufuata wewe, kaa usubiri fidia. Ndiyo maana utaona nyumba imepakwa chokaa upya kuta zote, ila brashi imeizunguka ile X ya kijani kwa adabu kama picha ya ukutani.

Siku ya kupima sasa. Mpimaji anataka utepe upite hewani, umekazwa, umelala sawa. Mwenye nyumba anataka utepe ufuate ardhi: ushuke mtaroni, upande tena, uzunguke na kichuguu. Mtaro wa kina cha mita moja tu unakula nusu mita ya utepe na zaidi, na nusu mita hiyo kwa mtu ndiyo choo. Halafu linakuja swali la mwisho: katikati ya barabara ni wapi? Lami imepanuliwa upande wa mashariki, imemegeka upande wa magharibi, na mstari mweupe ulichorwa baada ya hapo. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kugombea katikati hiyo kutwa nzima, kila moja ikiisukumia kwa jirani.

Haya, mwendo. Kijiji kikishapata nyumba za kutosha na shule, kinapewa kibao cha 50. Kuna cha kuingilia na kuna cha kutokea, kile chenye mkato. Vyote vinasimama mwisho wa kijiji, penye vichaka, pasipo macho ya mtu, juu ya nguzo ya chuma. Na chuma chakavu kinauzwa kwa kilo. Kikiibiwa cha kuingilia, basi linaingia na 80 yake kamili, ila askari mwenye tochi ya kupima mwendo anakumbuka vizuri kilikuwa kimesimama wapi. Kikiibiwa cha kutokea, dereva mtiifu anaendelea na 50 mpaka kijiji kinachofuata, nyuma yake semi kumi na mbili zinampigia honi. Wasiosumbuka ni wale wa magari ya IT, yale yanayotoka bandarini kwenda kuuzwa Zambia na Kongo. Hayana kibao cha kuogopa wala mwendo wa kuheshimu, na abiria wanne ambao dereva amewaokota njiani wameshafundishwa: “Mkiulizwa, ninyi ni shemeji zangu.” Shemeji wanne, kila mmoja na kabila lake.

Kibao kikishapotea, kijiji kinaomba tuta. Kinaanza kupewa rasta. Rasta ni ile mistari minene iliyoinuka, na kazi yake ni kumwamsha dereva. Inamwamsha kweli, pamoja na kijiji kizima. Na anayepiga kelele siyo lori lililoshiba. Lenye mzigo linapita kwa heshima, trrrr, limekwenda. Semi tupu ndilo linalopita kama kabati la vyombo lililoporomoka ngazi, minyororo, vyuma vya pembeni, kila kitu kinaongea. Saa nane za usiku.

Tuta lenyewe likija, ndani ya wiki linageuka gulio. Basi likipanda tuta linarudi gia ya pili, na gia ya pili ndiyo mlango wa duka. Mtazame muuza mayai pale. Ndoo mkono wa kushoto, mayai yamepangwa duara, kati kuna kikopo cha kachumbari. Chumvi ameifunga vipande vidogo vya karatasi ya daftari, kwa hiyo yai lako linakuja na swali la hesabu la darasa la nne na alama ya kosa ya mwalimu. Kwa anayesimama, yai linagongwa ukingoni mwa ndoo, linamenywa kwa gumba, linapasuliwa bila kuachanishwa, kachumbari katikati. Kwa abiria wa basi hakuna muda huo, anauziwa na ganda lake. Tatizo ni noti. Mnunuzi haachii noti mpaka ashike yai, muuzaji haachii yai mpaka ashike noti, basi limeshavuka tuta na dereva anatafuta gia ya tatu. Utaona mtu anakimbia huku mkono wake umo ndani ya dirisha. Chenji ikibaki kwake, abiria analaani kijiji mpaka Mbeya. Yai likiondoka bila kulipiwa, kijiji kinalaani kampuni nzima ya basi. Wote wana haki.

Sado ni habari nyingine. Ni lile kopo la rangi la lita nne, na huku ni kipimo kuliko kilo. Ilula ukisimama, nyanya na vitunguu vimepangwa kwa sado na kwa ndoo, vinang'aa, umefika peponi. Kabla hujalipa, mambo mawili. Pitisha mkono chini ya sado: kama kitako kimegongwa kikaingia ndani, umeshapoteza nyanya tatu. Pili, omba imiminwe mbele yako, maana kile kichuguu cha juu kinajengwa kwa nyanya za maonyesho, kubwa, zimefutwa kwa kitambaa, na chini yake wamelala wadogo zao. Gunia la mkaa ni shida hiyohiyo ikiwa imesimama wima: juu limeshonewa kilemba cha vijiti, vipande vizuri vimezunguka kando unakochungulia, katikati ni chenga. Usimlaumu sana muuzaji, lakini. Huyohuyo akipeleka nyanya zake mjini, anayenunua anadai tenga lijazwe mpaka mlima, na mlima ule haulipiwi. Mlima huo ndiyo lumbesa, inakatazwa na sheria na inadaiwa na soko. Naye anajilipa kwenye sado.

Tuje mizani, penye magumu. Wazee wa huku wanakumbuka njia hii ikiwa tope tupu. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ikakatiwa mafuta ya kusini, malori yakaanza kubeba mapipa kupita huku mpaka madereva wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta likafika 1968, lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA yenyewe ilitukwepa, ikapitia Ifakara na Mlimba, ikaja kukutana na barabara Makambako kama vile haikuwa na haraka ya kutusalimia. Basi mzigo ukabaki juu ya lami.

Lami nayo haihesabu lori, inahesabu ekseli. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya mbele ni tani 8, ekseli moja ya matairi manne ni 10, mbili zilizoungana 18, tatu 24. Semi la kawaida la ekseli sita ni 8 na 18 na 24, jumla 50. Ongeza ekseli utakavyo, mwisho ni 56. Ukali wake uko hapa: maumivu ya lami hayapandi sawasawa na uzito. Wahandisi wanakadiria kwamba ekseli ya tani 10 ikibeba 12, inaiumiza barabara mara mbili. Na msamaha wa kuzidisha asilimia tano tu ulipofutwa Oktoba 2013, malori yaligoma.

Kwa basi la ekseli mbili ni 8 na 10, jumla 18. Sasa basi linaweza kuwa halali kwa jumla na likakamatwa kwa makalio. Injini ipo nyuma, buti limejaa magunia nyuma, na waliolipa mwisho wamekaa nyuma. Kabla ya mizani konda anageuka mchungaji: “Wapendwa wa viti vya nyuma, tusogee mbele kidogo, tubanane kwa upendo.” Siyo upendo, ni hesabu. Watu kumi wa kilo 70 ni kilo 700, na wakisimama karibu na dereva sehemu kubwa ya uzito huo inahamia ekseli ya mbele. Anayeamshwa usingizini ni bibi mwenye tiketi. Gunia la viazi la mtu asiyekuwemo hata kwenye basi halisumbuliwi, kwa kuwa halina miguu.

Mashimo je? Kiraka kina adabu yake. Shimo linakatwa pembe nne, kingo zisimame wima, linafagiwa, linakaushwa, linapakwa lami nyepesi chini na ubavuni, linajazwa kwa tabaka, kila tabaka linashindiliwa, na juu linaachwa limeinuka kidogo ili matairi yamalizie. Ukijaza shimo lenye maji na kingo za mviringo, tairi la kwanza zito linasukuma maji, maji yanasukuma kokoto, wiki ya pili shimo limerudi na mtoto. Vijana wa kijijini wao wana njia fupi: udongo mwekundu asubuhi, kofia mkononi kuomba mia tano ya soda mchana, mvua ya jioni inautoa wote. Kesho ajira ipo palepale.

Hifadhi ya Mikumi tupite haraka, ingawa haturuhusiwi. Barabara inaikata kwa kilomita 50 hivi, mchana mwisho 70, usiku 50. Kwa hesabu hiyo ni dakika 43 mchana na saa nzima usiku, na kushuka kuchimba dawa humo hakuna, labda uchimbie mbele ya simba. Aliyekunywa chupa nzima ya maji Morogoro anaanza kulitazama dirisha kwa namna ya ajabu. Bango linaorodhesha wanyama na faini zake kwa dola. Mbuzi wa kijijini hayumo kwenye orodha, kwa hiyo bei yake anaijua mwenyewe tu, na ajabu ya mbuzi wa kando ya barabara hii ni kwamba wote hugongwa wakiwa na mimba ya mapacha. Hata beberu.

Halafu mlima Kitonga. Baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inakunja shati na kuanza kupanda, kona juu ya kona. Kwa kupanda, kosa ni kuchelewa kubadili gia: lori limepoteza mwendo, dereva anatafuta gia ndogo, anaikosa, klachi inanuka, au shafti inakatika kwa mshindo. Kwa kushuka, kanuni ni ya wazee: gia ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia, injini ikushike, breki uiguse na kuiachia. Anayepiga frii, yaani kushuka bila gia, ili abane dizeli anakanyaga breki mlima mzima, ngoma zinapata moto, moshi unatoka magurudumuni, na kwenye kona inayofuata mguu unazama mpaka chini bila jibu. Na lami ya kwenye mpando, kwa jua na kwa matairi mazito yanayokwenda taratibu, imejikunja matuta marefu kama shamba la viazi. Gari dogo likiteleza humo, linakwangua tumbo mpaka juu.

Lori likishakwama, tanboi, msaidizi wa dereva, anaruka na jiwe kabla gari halijasimama sawasawa, analipachika nyuma ya tairi, la pili upande wa pili. Pembetatu nyekundu imo kwenye gari, safi, haijatoka kwenye boksi, ni ya kuonyesha askari. Kinachowekwa barabarani ni majani: tawi moja hapa, jingine hatua thelathini, jingine kabla ya kona. Wa nyuma wangesubiri, lori lingepitika kwa zamu. Lakini mwenye gari dogo anatanua, anaingia upande wa wanaoshuka, wa nyuma yake wanamfuata, na kumbe juu nako wametanua. Wanakutana pua kwa pua kando ya lori lililokufa. Hapo hata fundi akifika hana pa kupita.

Ruaha Mbuyuni siku hiyo ugali unaisha saa sita, na mama lishe wanapika mara ya tatu. Ilula, upande wa juu, lori la nyanya la kwenda soko la Ilala, Dar es Salaam, lilitakiwa kufika alfajiri. Jua likipiga matenga kwa saa saba, ya chini yanaanza kulia maji. Jioni ndoo inauzwa kwa bei ya sado, na kwa mara ya kwanza hakuna anayechunguza kitako.

Lori likishavutwa, tanboi anadandia linaondoka, mawe anayaacha katikati ya njia. Kwenye kona ya pili kutoka juu kuna matawi ya mwarobaini yamepangwa vizuri kabisa, yameshakauka. Kila basi linalofika hapo linapunguza mwendo, dereva anachungulia, haoni kitu, anasonya, anaendelea. Leo asubuhi kuna mtu kasimama pembeni yake na ndoo ya mayai.