Lastouski ahukumiwe kwa kitabu kipi?

Ubishi kuhusu Vaclau Lastouski, mwandishi na mwanasiasa wa Belarus, hauishi kwa sababu kila upande una ushahidi wake. Wanaomtukuza wanashika kitabu chake cha mwaka 1910, historia fupi ya Belarus iliyochapishwa Vilnius, ya kwanza kuandikwa kwa Kibelarusi. Wanaomkosoa wanashika kitabu hichohicho na kuuliza: mtu asiye na shahada yoyote, aliyejisomea mwenyewe, amepata wapi haki ya kuitwa mwanahistoria?

Nadhani pande zote mbili zimeshika kitabu kisichofaa kumpimia. Lakini tusikipite haraka, maana kina uzito.

Lastouski alizaliwa 1883 katika wilaya ya Disna, wakati Belarus ilipokuwa ndani ya Dola ya Urusi na ikiitwa tu Mkoa wa Kaskazini Magharibi. Kwa miongo kadhaa, hadi 1905, milango ya kuchapisha kwa Kibelarusi ilikuwa karibu imefungwa kabisa. Chuo Kikuu cha Vilnius kilikuwa kimefungwa tangu 1832, na katika Belarus yenyewe hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lastouski, wakati huo katibu wa gazeti la Nasha Niva, alichukua tafiti za wataalamu wa Kirusi na wa Kipolandi, akazipanga upya na kumweka Mbelarusi katikati ya masimulizi. Kwa mara ya kwanza mkulima aliyejua kusoma aliikuta historia ya watu wake kwa lugha ya nyumbani kwake.

Wakosoaji wanasema hakuchimba nyaraka mwenyewe, tena aliikumbatia mno Dola Kuu ya Lithuania, dola ya kale iliyojumuisha Lithuania na Belarus, kana kwamba ilikuwa mali ya Wabelarusi. Wana hoja. Ni kweli kwamba sheria kuu za dola hiyo, za 1529, 1566 na 1588, ziliandikwa kwa lugha ya Kislavoni iliyo chimbuko la Kibelarusi na Kiukraini. Hata hivyo lugha ya ofisi peke yake haithibitishi dola ilikuwa ya nani, na ukoo uliotawala ulikuwa wa Kilithuania. Hapo Lastouski alivuka mpaka wa ushahidi. Ila kumtaka mwaka 1910 aandike kama profesa mwenye idara na hifadhi ya nyaraka ni kumwonea.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi lilikuja baadaye. Jamhuri ya Watu wa Belarus ilitangazwa Machi 1918, na kuanzia Desemba 1919 hadi 1923 yeye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wake, muda mwingi akiwa uhamishoni. Alipoacha siasa akabaki Kaunas, Lithuania, akichapisha jarida la Kryvich na kuhimiza nchi yake iitwe Kryvia, kwa jina la kabila la kale la Wakryvichi. Alitaka kuikanusha kauli ya kwamba Wabelarusi ni tawi la Warusi. Nia naielewa. Lakini kusini mwa Belarus walikaa Wadregovichi, mashariki Waradimichi, na Wakryvichi wenyewe walifika hadi Smolensk na Pskov. Jina hilo liliwaacha nje wengi aliotaka kuwaunganisha. Hapa mwandishi wa hadithi alimshinda mwanahistoria.

Sasa njoo kwenye kitabu cha 1926. Ni historia ya vitabu vya Belarus, iliyochapishwa Kaunas kwa msaada wa serikali ya Lithuania, zaidi ya kurasa 700. Humo hahubiri sana. Anaeleza miswada na vitabu vilivyopigwa chapa, kimoja baada ya kingine, na kunakili sehemu zake. Jina la Kryvia limo hata kwenye kichwa cha kitabu, lakini kazi yenyewe inasimama bila jina hilo. Ukitaka kumpima Lastouski kama msomi, mpime hapa.

Kitabu hiki pia kinanisaidia kuelewa uamuzi unaogombaniwa kuliko yote: mwaka 1927 alihamia Minsk, chini ya Wasovyeti. Wanaomlaumu wanasema waziri mkuu wa zamani aliwapa Wabolsheviki heshima wasiyostahili, na kwamba alipaswa kujua wataishia wapi. Wanaomtetea wanakumbusha kwamba miaka ile Kibelarusi kilikuwa kinaingizwa shuleni na ofisini kwa amri ya serikali, na kwamba wengi wa wenzake walikuwa wametangulia kurudi.

Mimi naegemea kwa watetezi, kwa sababu ya mahali vitu vyenyewe vilipokuwa. Polatsk, mji wa kale wa Belarus, ulikuwa upande wa Wasovyeti. Akiwa Kaunas, Lastouski aliandika hadithi kuhusu hazina zilizofichwa chini ya mji huo. Akiwa mkurugenzi wa makumbusho ya taifa Minsk, alifika Polatsk mwenyewe mwaka 1928 na kuupata msalaba wa Mtakatifu Euphrosyne, mtawa wa mji huo, uliotengenezwa 1161 na sonara Lazar Bohsha. Akiwa Kaunas asingeweza kuufikia. Msalaba huo ulipelekwa Mahiliou, mji wa mashariki mwa Belarus, na kupotea katika vita mwaka 1941. Hasara hiyo haifuti kazi aliyoifanya.

Gharama aliilipa yeye. Alikamatwa 1930 katika kesi ya kubuniwa iliyoitwa ya Umoja wa Ukombozi wa Belarus, akavuliwa uanachama wa Chuo cha Sayansi, akahukumiwa kwenda uhamishoni Saratov, Urusi. Huko alipewa kazi kwenye miswada ya maktaba ya chuo kikuu. Alikamatwa tena 1937, akapigwa risasi tarehe 23 Januari 1938.

Hukumu ya kifo ilifutwa 1958. Ile ya kwanza, iliyomtia hatiani kwa kuitetea Belarus, dola iliing'ang'ania miaka 30 zaidi, hadi 1988.