Nyama, mayai na mgonjwa wa saratani: ubishi wenye nusu ya ukweli

Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akianza mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mara nyingi nyumbani kwake nako unaanza ubishi. Kuna wanaosema nyama, mayai na maziwa "vinailisha kansa", kwa hiyo apewe mboga za majani na juisi ya bitiruti basi. Kuna na wale wa "kula upate nguvu", wanaomjazia sahani mpaka anaikinai kwa kuitazama tu.

Wa kwanza hawakuokota hoja yao jalalani. Mwaka 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliiweka nyama ya kusindika kama soseji kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Tena, panya wa maabara wakipunguziwa baadhi ya amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, uvimbe huweza kukua polepole. Ila uamuzi wa 2015 unahusu kujikinga na saratani: mtu aliye mzima, anachokula miaka nenda rudi. Aliyekwisha kuugua na yuko kwenye dawa ana hesabu nyingine. Ukimnyima protini, mwili unabomoa misuli yake, na amino asidi zinaingia kwenye damu vilevile. Uvimbe hausubiri sahani. Anayekosa ni mwenye mwili.

Misuli ikiisha, hasara inaonekana wodini. Kipimo cha dawa nyingi za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hukokotolewa kwa urefu na uzito, na kwa kipimo kilekile aliyepoteza misuli huelemewa zaidi na madhara. Dripu inaahirishwa, na mionzi inakatishwa katikati. Ndiyo maana ESPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya tiba cha Ulaya, kinashauri mgonjwa wa saratani apate protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5, pamoja na kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo.

Kwa mama wa kilo 50, tuchukue gramu 1.2 za protini kwa kilo: ni gramu 60 kwa siku. Mayai mawili yana kama 12. Kikombe cha mtindi cha mililita 250, 8. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100, ukubwa wa kiganja bila vidole, kama 22. Dagaa wakavu gramu 20 wanatoa karibu 12, na karanga gramu 30 zinaongeza 7. Jumla 61, na nyama nyekundu haijaguswa kabisa. Kwa hiyo hata anayeiogopa nyama hana sababu ya kumwachia mgonjwa mchicha mtupu.

Upande wa pili nao una makosa yake, na kubwa ni supu. Mifupa inachemshwa tangu alfajiri, mgonjwa anapewa bakuli la maji ya mchuzi, nyama wanakula watoto. Protini imebaki kwenye nyama. Kilichomo kwenye mchuzi ni kidogo, na sehemu kubwa ni ya ngozi na gegedu, isiyotosha kujenga misuli. Supu ina kazi yake, inampa maji na chumvi, lakini isihesabiwe kuwa mlo. Ni hivyo hivyo kwa uji mweupe wa sembe. Uupe nguvu kwa unga wa dagaa: toa vichwa, osha mchanga, kausha kwa kuwakaanga bila mafuta, twanga, kisha chekecha kwa chujio laini. Usiruke kuchekecha kama mgonjwa ana saratani ya umio, maana kamwiba kadogo kanakwama pale palipobanwa. Weka vijiko viwili vya chakula uji ukiwa bado unachemka, na kijiko cha mafuta au siagi ya karanga. Bila mafuta na wanga wa kutosha mwili unaichoma protini kama kuni, na mayai yote yale yanakuwa yamepotea bure.

Halafu kuna figo, na hapa ndipo kelele za pande zote mbili zinapaswa kunyamaza kidogo. Saratani ya mlango wa kizazi iliyokomaa huweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na cisplatin, dawa inayotolewa sana pamoja na mionzi, nayo ni kali kwa figo. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda, kiwango cha protini kinapangwa upya na daktari na mtaalamu wa lishe. Si jirani, wala si muuza unga wa protini wa kopo. Lakini angalia kinaya: kwa mgonjwa huyuhuyu, juisi ya bitiruti na mchicha mwingi, ile lishe "salama", vina madini ya potasiamu mengi, na figo zikishindwa kuyatoa yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mionzi ya nyonga huleta pia kuharisha, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Maziwa mabichi hayafai kabisa kwa mtu aliye kwenye kemo, kwa sababu ya vijidudu. Hata yaliyochemshwa huweza kuzidisha kuhara kipindi hicho, na maharage yanajaza gesi. Hapo rudi kwenye yai lililoiva mpaka kiini kikauke, samaki, kuku aliyechambuliwa, mtindi kwa kuonja. Nyama ikimpa ladha ya chuma mdomoni, mpe ikiwa imepoa, yenye ndimu, kwa kijiko cha plastiki. Milo midogo sita inashinda sahani tatu zilizojaa.

Apimwe uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi kabla ya kula, na namba iandikwe. Kilo 50 zikishuka hadi 47 na nusu, kliniki iambiwe wiki hiyohiyo. Na uzito ukipanda ghafla huku kidole kinaacha shimo mguuni, msishangilie: hayo ni maji.