Mnyoo wa Milimita Moja na Mimba ya Mamalia

Mnyoo duara Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja hivi, na akikomaa huwa na seli 959 za mwili, ukiacha zile za uzazi. Wapo wanaoona kwamba kumtumia kueleza ukuaji wa mamalia ni kutia chumvi. Wengine wanasema bila yeye tungekuwa gizani hadi leo. Naona pande zote zina hoja, ila si kwa uzito sawa.

Tazama tundu la kutagia mayai linavyojengwa. Seli sita zimejipanga mstari upande wa tumboni, na kila moja inaweza kulijenga. Juu yake ipo seli nanga, inayotoa protini LIN-3. Seli iliyo karibu zaidi huinasa kwa kipokezi LET-23, ujumbe unapitia LET-60, protini iliyo ndani ya seli, na ujenzi unaanza. Papo hapo seli hiyo huziashiria jirani zake mbili kupitia kipokezi chao LIN-12: msiige kazi yangu, shikeni ya kando. Tatu zilizobaki huishia kuwa ngozi tu.

Mwaka 1990 ilibainika kwamba LET-60 ni Ras, protini iliyokwisha kujulikana katika saratani za binadamu. Kuna mnyoo ambaye asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) ya 13 ya LET-60 yake imebadilika. Ishara haizimiki, naye huota matundu ya ziada tumboni. Nafasi hiyohiyo ya 13 hubadilika katika baadhi ya uvimbe wa binadamu. Kwa mpangilio wa nani anamwamuru nani, basi, namwamini mnyoo.

Kwa matokeo, simwamini hivyo. Yeye ana Ras hiyo moja, na ikiondolewa hufa angali mchanga. Mamalia wana tatu: panya asiye na Hras au Nras huzaliwa na kuishi, lakini asiye na Kras hufia tumboni. Mnyoo asingeweza kutudokezea ni ipi haina mbadala. Isitoshe, seli zake hufuata ramani ileile karibu kwa kila mnyoo, ilhali kiinitete kichanga cha mamalia kikigawanyika hutoa mapacha wanaofanana. Na njia ya Hedgehog, mfumo mwingine wa ishara kati ya seli, inayopanga vidole vya mamalia, kwake imebaki vipande vipande. Huko hakuna budi kumwendea panya.