Somo la michezo bado halijatoka kambini

Kipindi cha michezo shuleni kinafanana na gwaride: mistari, filimbi, amri, kisha kupimwa. Sababu si ngumu kuiona. Mara nyingi aliyekuwa akilipigia debe somo hili ni serikali yenye hofu ya vita.

Prussia, dola la Wajerumani, ilichapwa vitani na Napoleon wa Ufaransa pale Jena mwaka 1806. Mwaka 1811 mwalimu Friedrich Ludwig Jahn akafungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, vijana wajikaze kwa ajili ya kuwatoa Wafaransa. Watawala walipoanza kuvishuku kisiasa vikundi vya vijana hao, Jahn alikamatwa mwaka 1819, na mazoezi yake yakapigwa marufuku hadi 1842. Uingereza nayo ilishtuka wakati wa Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini (1899–1902), pale vijana wengi waliotaka kujiunga na jeshi walipokataliwa kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1902 shule zikaletewa mwongozo uliochotwa kwenye kwata ya askari. Lakini hofu hiyohiyo ilichangia sheria ya 1906 iliyoruhusu chakula shuleni, na ya 1907 ya kuwapima wanafunzi afya. Kwa maoni yangu, hizo mbili ziliwafaa watoto kuliko kwata yote.

Marekani ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi kipimo kinavyogeuka siasa. Katikati ya miaka ya 1950 ilitangazwa kuwa asilimia 57.9 ya watoto wa Marekani waliopewa kipimo cha Kraus-Weber walishindwa, dhidi ya asilimia 8.7 ya wenzao wa Ulaya. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akaunda baraza la kushughulikia ukakamavu wa vijana. Sasa kitazame kipimo chenyewe. Mtoto analala chali na kuinuka akae, kwanza miguu ikiwa imenyooka, kisha magoti yakiwa yamekunjwa. Akiwa chali anainua miguu kwa sekunde 10. Analala kifudifudi, anainua kifua sekunde 10, halafu miguu sekunde 10. Mwisho anainama bila kukunja magoti na kugusa sakafu kwa vidole kwa sekunde 3. Akishindwa kimoja tu, ameshindwa vyote. Hakuna mbio, hakuna kupimwa pumzi, hakuna kurusha wala kudaka. Kipimo kilichotokana na kazi ya kutibu maumivu ya mgongo kikatumika kuliambia taifa zima kwamba watoto wake wamelegea.

Urithi huo unaonekana hadi leo kwenye kipindi cha dakika 40. Kubadili nguo mwanzo na mwisho, dakika 10. Kuita majina na kupanga mistari, 5. Maelezo ya mwalimu, 5. Zinabaki 20. Darasa la watoto 40 likiwa na mpira mmoja na foleni moja, kila mmoja anapata nusu dakika. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17!

Kinachoniudhi zaidi ni michezo ya kutoana, ambamo anayeguswa hutoka nje. Anayetolewa kwanza ndiye mzito au mwoga, yaani yule aliyehitaji mazoezi kuliko wote, naye anamaliza kipindi amekaa pembeni. Dawa yake ni nyepesi: aliyeguswa aruke mara 10 kisha arudi mchezoni. Foleni zivunjwe ziwe vikundi vya watu wanne, kila kikundi na kifaa chake, hata kama ni mpira wa matambara au kamba. Maelezo yasizidi dakika moja kabla watoto hawajaanza. Mengine mwalimu atayasema huku wakicheza.

Tangu 1978 mkataba wa UNESCO unaitaja elimu ya viungo kuwa haki ya msingi ya kila mtu. Kama ni haki, basi anayestahili kupimwa kwanza ni aliyepewa jukumu la kuitoa. Mkaguzi achague watoto watatu: hodari mmoja, wa kawaida mmoja, na yule anayejificha nyuma. Ashike saa ya kuhesabia, aandike dakika ambazo kila mmoja alikuwa akitembea, akikimbia au akiruka. Yule wa nyuma akiwa chini ya nusu ya kipindi, somo ndilo lililoshindwa. Na akague ratiba pia, hasa wiki za kuelekea mitihani, maana hapo ndipo hisabati huchukua kipindi cha michezo na hakuna anayekidai.