Gemu za Zamani: Zilipendwa au Zisizochuja?

Kiswahili kina neno lake kwa vitu vya zamani vinavyokumbukwa kwa mapenzi: zilipendwa. Neno hilo, tulilolizoea zaidi kwenye muziki, limebeba wakati uliopita ndani yake. Halidai kwamba kitu kingali kinapendeza, bali linashuhudia tu kwamba kuna siku kilipendwa. Mabishano yanayozuka kila watu wanaporudia gemu za video za miaka ya 1980 na 1990, wakijiuliza ipi inastahili heshima ya kudumu na ipi inabebwa na kumbukumbu za utoto, kwa sehemu kubwa hutokana na kuchanganya zilipendwa na zisizochuja.

Wapo wanaoipima gemu kwa kile ilichokianzisha. Kwa kipimo hicho, GoldenEye 007 ya mwaka 1997 haina mpinzani, kwa kuwa iliwaonyesha wengi kwamba gemu ya kufyatua risasi inaweza kunoga sebuleni, watu wanne wakigawana skrini moja ya televisheni. Anayeishika leo kwa mara ya kwanza, hata hivyo, hukutana na kontrola ya Nintendo 64, mashine ya gemu ya wakati huo, yenye kijiti kimoja tu, wakati vidole vyake vimezoea viwili, kimoja cha kutembea na kingine cha kutazama, tena picha hukwamakwama pale milipuko inapozidi. Watetezi wake hujibu, na si bila haki, kwamba mwasisi halaumiwi kwa kutojua mambo ambayo waliomfuata walijifunza kupitia kwake. Tatizo ni kwamba kipimo hiki hakitofautishi umuhimu na ubora. Pong ya mwaka 1972, gemu ya kurushiana mpira kama tenisi, ilikuwa miongoni mwa gemu sita za kwanza kuingizwa katika World Video Game Hall of Fame, orodha ya heshima ya gemu za video, mwaka 2015, na ilistahili kabisa. Lakini mimi hunichosha kabla sijafikisha pointi 11 za ushindi.

Upande wa pili unashikilia kwamba gemu ijitetee yenyewe mikononi mwa mtu asiyeijua historia yake. Ushahidi wao mkuu ni Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, iliyotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora picha, hivyo vipande vikaundwa kwa alama za mabano. Gemu isiyotegemea urembo haina rangi ya kuchujuka. Hoja hiyo inavutia, ila inazipendelea mno gemu nyepesi kueleweka, na inachukulia mazoea ya mchezaji wa leo kuwa ndiyo kanuni, ilhali nayo ni mazoea ya zama zake tu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Resident Evil ya mwaka 1996, gemu ya kutisha ya kukabiliana na mazombi ndani ya jumba. Wengi huirudia na kuiacha baada ya dakika chache wakilalamika kwamba mhusika anaendeshwa kama kifaru cha vita: kitufe cha juu humpeleka mbele kule alikoelekea yeye, na vya pembeni humgeuza polepole pale aliposimama. Ni rahisi kudhani kwamba waundaji walishindwa kubuni njia bora. Lakini kamera ya gemu hiyo imesimikwa mahali pamoja katika kila pembe ya jumba, na mhusika anapovuka mpaka wa pembe moja, picha hubadilika ghafla. Laiti mwelekeo ungefuata skrini, mbele ingegeuka kuwa nyuma katikati ya hatua. Zaidi ya hayo, uzito huo ni sehemu ya hofu yenyewe. Toleo lililoboreshwa la mwaka 2015 liliwaruhusu wachezaji kuchagua uendeshaji wa kisasa, na kwa uendeshaji huo kumzunguka zombi kwenye korido nyembamba ni kazi ndogo, kiasi kwamba korido hiyohiyo haitishi tena. Kilichoonekana kasoro kilikuwa kimeshikilia nyumba.

Hata macho yetu si mashahidi waaminifu. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari ya wima iliyopishana, ambayo televisheni za wakati ule na nyaya zake ziliichanganya ikaonekana kama maji yanayopenya mwanga. Skrini bapa za leo huonyesha kila mstari peke yake, na mtazamaji huilaumu gemu kwa ubaya ambao mchoraji hakuukusudia.

Kwa hiyo sioni haki mchezaji, ambaye ni mgeni, kuihukumu gemu iliyo mwenyeji wake kabla hajajifunza lugha yake. Baada ya kujifunza, ningeuliza swali moja tu: je, ipo gemu ya baadaye inayolifanya jambo lilelile vizuri zaidi? GoldenEye 007 imeshapitwa na wajukuu zake karibu katika kila kitu, nami naiweka kwenye zilipendwa bila kuidharau. Resident Evil haijapitwa, kwa kuwa wengi waliofuata waliitupa kamera ile badala ya kuiboresha. Super Mario 64 ya mwaka 1996 ndiyo inayoyumbisha mizani yangu: kamera yake ni kero tupu, hujificha nyuma ya kuta wakati unapoihitaji, lakini raha ya kumkimbiza Mario, kumgeuza ghafla na kumrusha kwa mruko wa tatu mfululizo sijaipata kwa utimilifu ule kwingineko, hata katika gemu zilizofuata za Mario mwenyewe.