Configure si kipofu

Vijana wawili walinipigia kutoka Isyesye, Mbeya, jioni moja ya Juni, baridi ile ya kukumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Wanaunganisha kompyuta tatu za mtumba zigawane hesabu za mfumo wa kukadiria mvua, na Open MPI, maktaba ya kuziwezesha kompyuta kutumiana data, imegoma kujengeka. Skripti ya configure, inayokagua mashine kabla ya ujenzi, inadai kompaila ya C, yaani gcc inayogeuza msimbo kuwa programu, haiwezi kutengeneza programu. "Kaka, hii kitu ni kipofu," mmoja akasema. "Gcc ipo. Andika gcc --version, inajibu."

Lawama hiyo si mpya, na wanaoitoa wana hoja. Ujumbe ni mkavu. Anayeusoma anadhani kompaila haikuonekana, basi anaifuta, anaipakua upya, bando linakata, na ujumbe unarudi uleule. Wengine wanasema uachane na kukompaili kabisa, uchukue paketi iliyo tayari kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu. Kwa anayejifunza kwenye laptop moja, sina ubishi.

Ila wengi wanadhani configure inatafuta jina. Inachofanya ni kuandika programu ndogo isiyo na kazi yoyote, kuikompaili, kuiunganisha, kisha kuikimbiza. Kujibu --version ni sawa na fundi kukutajia jina lake. Configure inampa mwiko na tofali.

Nikawaambia wafungue config.log, faili ambalo ujumbe wenyewe unalitaja na watu wanaliruka. Wasianzie mwisho, maana huko kuna msururu wa vigeu na namba ya kutokea, 77, isiyomsaidia mtu. Wapande juu hadi pale kompaila ya C inapojaribiwa. Hapo amri ilikuwa imeandikwa yote, na chini yake ld, kiunganishi cha vipande vya programu, inalalamika kwamba haioni Scrt1.o. Kipande hicho ndicho kinachoanzisha programu kabla main, sehemu yake kuu, haijaitwa, na kwenye Ubuntu kinakuja na libc6-dev. Vijana, katika kubana bando, walikuwa wamesakinisha gcc kwa --no-install-recommends, na libc6-dev kwa gcc ni pendekezo tu, si sharti. Kwa hiyo gcc ilikuwepo na ilijibu, lakini kutengeneza programu kweli haikuweza. Configure ilikuwa imesema hivyohivyo. Wakasakinisha build-essential, paketi inayovuta na libc6-dev, ikapita.

Mwaka 2020 yalitokea yanayofanana na hayo kwa watu wengi zaidi. Gfortran 10, kompaila ya lugha ya Fortran, ilianza kukataa msimbo unaoita utaratibu mmoja kwa hoja za aina tofauti, mara namba kamili, mara desimali. Kwenye MPI huo ndio mtindo wa kila siku: MPI_Send inapokea chochote unachotuma. Configure ya MPICH, maktaba nyingine ya MPI, ikawa inasimama na kueleza kwamba gfortran hii haikubali. Watu wakailaumu skripti, wakati kilichobadilika ni kompaila. Dawa ilikuwa kuongeza -fallow-argument-mismatch kwenye FFLAGS, maelekezo anayopewa kompaila wa Fortran. Kama skripti ingeridhika na jina la gfortran, kosa lingekuja kulipuka katikati ya make, amri ya kujenga yenyewe, baada ya mashine kuunguruma muda mrefu, na umeme wetu mnaujua.

Ninachoilaumu configure ya Open MPI ni kitu kingine kabisa, nacho ni ukimya wake. Ikikosa kompaila ya C inapiga kelele. Ikikosa ya Fortran inaendelea kimyakimya, inajenga maktaba isiyo na Fortran, na unakuja kujua siku unapoita mpifort, amri yake ya kukompaili Fortran, nayo inakujibu kwamba haikujengwa na Fortran. Muhtasari unaochapishwa mwisho wa configure unaitaja hali hiyo, ila nani anausoma? Wote tumeshaandika make.

Kwa hiyo kabla hatujakata simu nikawazuia. Nikamwambia yule wa kipofu anisomee muhtasari, mstari wa Fortran. Mfumo wao wa mvua umeandikwa kwa Fortran mwanzo hadi mwisho.

Akanyamaza kidogo. "Kaka, imeandika hapana."

Gfortran wakaisubirisha bando la usiku.