Jino la kupandikiza kwenye fizi zilizowahi kuugua

Arusha tumezoea kulihukumu jino kwa rangi. Maji yenye floraidi nyingi ya upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto yamewaachia wengi meno ya kahawia, hivyo mwenye meno meupe ndiye huonekana mzima. Kumbe la kahawia laweza kuwa limeshika barabara, na jeupe likawa linacheza kwa ugonjwa wa fizi. Aliyeng'olewa kwa ugonjwa huo ndiye anayeuliza: nikipandikiziwa la titani, yaani mzizi wa metali unaochomekwa kwenye mfupa wa taya na kubeba jino jipya, litadumu?

Wanaojibu ndiyo hupenda kumtaja Gösta Larsson, aliyepandikiziwa meno ya aina hiyo na daktari Per-Ingvar Brånemark kule Göteborg, Sweden, mwaka 1965, akaishi nayo zaidi ya miaka 40. Mfano mzuri, ila Larsson alizaliwa na kasoro za taya. Habari yake si ya fizi. Yenye uzito zaidi ni tafiti za waliowahi kuugua fizi: baada ya miaka 10, mizizi mingi ya titani bado ipo kinywani, ingawa wanaoipoteza ni wengi kuliko wenzao wenye fizi nzima.

Hilo neno "ipo" ndilo linanitia shaka. Mzizi unaweza kuwepo huku mfupa unaouzunguka umeshaliwa na usaha unatoka, na bado ukahesabiwa kuwa umedumu. Jino la asili limefungwa kwa nyuzi kwenye mfupa na fizi. Titani haina nyuzi hizo, kwa hiyo uchafu ukishapenya chini ya fizi, maambukizi hufika mfupani upesi. Na bakteria waliomaliza jino la zamani huwa bado wamejibanza kwenye meno jirani. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huzidisha hatari.

Hata hivyo, kumkatalia kila aliyewahi kuugua ni kumwonea. Fizi zikitibiwa kwanza, ugaga (uchafu uliogandamana kwenye meno) ukakwanguliwa, damu ikakoma, kisha mgonjwa akawa anarudi kusafishwa kila baada ya miezi michache, wengi hufanikiwa.

Tatizo liko kwenye huko kurudi. Watu hujinyima wapate hela ya jino. Ya kusafisha haipangwi. Anayetoka Longido, kila ziara ni nauli na siku ya kazi. Mtu huyo, kwa maoni yangu, ashauriwe bila haya meno ya bandia ya kuvua usiku, hata kama jirani yake mjini kapandikiziwa na anatabasamu.